Mwendo wa Mwili Katika Mchezo wa Kuigiza

Siku moja mzee wa upande wa Tarime alitujia chini ya mwembe tunapofundishia vijana michezo ya kuigiza. Alikuwa na fimbo yake na koti lake la mvua, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Akatusalimu vizuri, akakaa, akatazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu aniambia ya kuwa hapa mnamfundisha kutembea. Je, alipokuja kwenu alikuwa akitambaa?"

Vijana wakacheka sana, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini usiku, tulipokwisha kulala, neno lile likaturudia, maana hatukuwa tumempa mzee yule jibu lolote. Twaona ya kuwa wako wengine kati yenu wenye swali hilohilo, hasa wazazi, ambao mtoto wao hutoka nyumbani Jumamosi akasema aenda kujifunza maigizo, kisha wapitapo humkuta amesimama kwa mguu mmoja, au akizunguka uwanja polepole kama mtu aliyepotewa na shilingi. Basi twaandika haya tukijaribu kumjibu mzee yule, na pia tukiri kosa tulilolifanya katika kazi hii, maana jibu letu halitakuwa kamili bila ya kosa hilo.

Sisi tulipoanza kufundisha huku tulikuwa na mzigo wa ngoma kichwani. Tulikuwa tumekaa Bagamoyo, penye chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981 baada ya kukoma kwa makundi ya taifa ya sanaa. Na kundi la taifa la ngoma ndilo lililotangulia, tangu mwaka 1963. Kule tulijifunza sindimba ya Wamakonde, na mdundiko wa Wazaramo, na ngoma nyingine nyingi, tukazipenda. Basi tulipopata vijana wetu, Wakurya kwa Wangoreme na Waikoma wachache waliotoka upande wa Serengeti, tukawafundisha zote tulizozijua. Vijana wakashika upesi. Tukatunga mchezo mmoja juu ya wizi wa ng'ombe, jambo ambalo katika nchi hii halihitaji kuelezwa, na kila penye nafasi tukaingiza ngoma. Watu walikuja wengi, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Tukajiona tumefaulu.

Hata watu walipokuwa wakitawanyika, bibi mmoja mzee akatushika mkono akasema, "Mmecheza vizuri, wanangu. Lakini yule mwizi alitembea kama mtu aendaye arusini."

Alisema kweli. Kijana aliyekuwa mwizi alitoka katika ngoma moja akaingia zizini, na miguu yake ilikuwa bado katika ngoma. Hakusikiliza kama mtu asikilizavyo penye zizi la mwenzake usiku. Hakuwa na uzito wa hofu wala wepesi wa mazoea. Ngoma zetu zilikuwa kama maua yaliyofungwa juu ya fimbo kavu: watu waliyatazama maua, wakasahau kabisa kuuliza ng'ombe wa nani wameibwa. Tangu siku ile tukaanza upya, na hicho tulichokianza ndicho tunachokiita utungaji wa mwendo.

Neno kutunga mwalijua. Mwanamke hutunga shanga, na wavuvi wa Shirati hutunga samaki katika ukambaa, na mwanafunzi hutunga insha. Mambo hayo yote ni mamoja kwa namna hii: vitu vyenyewe vipo tayari, na kazi ya mtungaji ni kuchagua kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kiachwe nje. Vivyo hivyo na mwendo. Mzee yule alikuwa na haki kuuliza, maana kijana hufika kwetu akiwa na mwendo wote anaouhitaji. Ameupata machungani, kisimani, shambani, kanisani, hata katika foleni ya mashine ya kusaga. Lakini hajui ya kuwa anao, na asichojua kuwa anacho hawezi kukichagua.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaagiza ni dogo. Twawaambia: Jumamosi ijayo kila mtu alete tendo moja la asubuhi kutoka kwao, alilolitazama kwa macho yake, wala asilete chombo chake. Msichana mmoja alileta tendo la kujitwika dumu la maji. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, na kila mtoto wa huku ayajua hayo kwa shingo yake. Lakini alipotuonyesha bila ya dumu, alilinyanyua kama kikapu kitupu. Wenzake wakamkatalia. Wakamwambia, "Magoti yako wapi?" Akaenda nyumbani, akamtazama mama yake siku tatu, akarudi. Safari hii alichuchumaa kwanza, akalipandisha dumu juu ya paja, akapumua, akalitazama mbele na siyo chini, ndipo akalipeleka kichwani kwa pigo moja la haraka, na mwili wote ukanyamaza chini yake. Pale kwenye kunyamaza ndipo tulipoyaona maji. Hapakuwa na maji, wala dumu, ila vumbi la uwanja.

Twapenda kuwaeleza wenye kupenda vitabu ya kuwa jambo hili halikuanzia chini ya mwembe wetu. Alikuwako mtu mmoja, Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji uitwao leo Bratislava, akafa Uingereza mwaka 1958. Huyu alifundisha wacheza ngoma na waigizaji, lakini wakati wa vita kuu ya pili aliingia katika viwanda vya Waingereza akawatazama wafanya kazi, jinsi wanavyoinua, wanavyosukuma na kuzungusha. Na mwaka 1947 akatoa kitabu juu ya hayo pamoja na mwenzake aitwaye F. C. Lawrence. Aliona ya kuwa kila tendo la mwili laweza kupimwa kwa uzito wake, na kwa wakati wake, na kwa njia lishikayo, kama ni moja kwa moja au la kupindapinda. Tena kama lajiachia au lajizuia. Kwa vipimo vile vitatu vya kwanza alipata matendo ya asili manane.

Sisi tuliposoma majina yake tulicheka, maana yote manane yalikuwa yakifanywa mbele yetu. Kusukuma: tazama mtu ashikaye plau nyuma ya maksai katika udongo mzito. Kupiga: mchi kinuni. Kufyeka: panga na majani. Kukamua: nguo iliyofuliwa mtoni. Haya manne yana nguvu. Mengine manne ni mepesi: kuteleza, kama kiganja cha mama akisiriba ukuta, kudonoa, kama kidole chenye kuonja chumvi, kupunga, kama mkono wenye kufukuza nzi, na kuelea, kama makapi ya ulezi yanapopepetwa penye upepo. Kijana akiyashika manane haya, mpe neno moja tu, mfano "njoo", alitamke huku mwili ukisukuma, kisha ukidonoa, kisha ukielea. Atasikia mwenyewe ya kuwa amesema maneno matatu mbalimbali. Zoezi hili tumelifanya mara nyingi, na halijatuchosha bado.

Baada ya hayo huanza kutunga kwenyewe. Kila mmoja huchukua matendo matatu, akayaunga. Tunauliza: unaanza kutoka wapi, na unasimama wapi? Maana asiyejua kusimama hajui kutembea. Kisha twamwambia alirudie tendo moja mara tatu, na mara ya tatu libadilike kidogo tu. Hilo tulijifunza kwa mpiga iritungu wa kijiji chetu. Iritungu la Wakurya lina nyuzi nane, na sauti yake ni nzito, yanguruma. Mpigaji huzunguka juu ya nyuzi zilezile, mtu mgeni akadhani ni jambo moja tu, lakini mwenye masikio husikia mahali ambapo kidole kimeacha uzi mmoja makusudi. Mzee huyo hakuwahi kuingia chuo chochote. Tulimketisha mbele ya vijana siku nzima, tukampa chai.

Siku hizi tuna shida moja ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, nayo ni simu. Vijana hutazama humo michezo ya miguu na mikono, wakaiiga kwa ustadi wa ajabu. Hatuikatazi. Lakini mwendo wa simu wote umetazama mbele, na wote una haraka moja, kwa sababu umefanywa kwa ajili ya kioo kidogo. Yule asimamaye uwanjani ana watu kushoto, na kuume, na nyuma, na wengine juu ya mti. Mgongo wake nao hauna budi kusema.

Wako wanaofikiri ya kuwa katika mchezo wenye maneno mazuri mwendo hauna kazi. Wasome Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969, juu ya vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907. Mle yumo mtu anayevutwa na nguvu asiyoiona mtu, akaingia mtoni, naye baadaye atoka. Mto hauwezi kuletwa jukwaani. Ni mwili wa mwigizaji utakaouleta, au hautakuwapo, na watu watamwona mtu mzima akigaagaa chini, nao watacheka.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwajua ya kuwa katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, mwezi wa Desemba wa miaka ya tohara una sura mbili. Wavulana hutahiriwa, na wasichana nao hukeketwa, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 imekataza kabisa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wasichana wengine hukimbia. Wako wanaopokelewa Masanga, upande wa Tarime, na wako wanaopokelewa Mugumu, ambako nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014. Mwaka 2018, msimu ulipokaribia, vijana wetu wenyewe walisema, "Mwalimu, tucheze habari hiyo." Tukakubali, lakini hatukujua tumekubali nini.

Shida ya kwanza ilikuwa maandamano. Ninyi mmeyaona: barabara imejaa, wanawake wanaimba, vijana wana fimbo, na msichana yuko katikati, amefunikwa kanga. Mchezo wetu haukuweza kuyaruka. Basi mzee mmoja wa kanisa akatuita, akasema kwa upole ya kuwa ngoma ile haifai kuchezwa na watoto waliobatizwa, hata kwa mfano. Juma lilelile mzee mmoja wa ukoo akatuita naye, akasema bila ya upole ya kuwa jambo lao si la kuchekwa uwanjani. Wazee hawa wawili hawasalimiani, lakini kwetu walileta neno moja. Tukafikiri siku nyingi. Kwa kweli kila mmoja alikuwa na haki yake. Kuicheza ngoma ile nzima ilikuwa ni kuisifu au kuidhihaki, na sisi hatukutaka hata moja.

Tukawaambia vijana: ondoeni wimbo. Wakaondoa. Ondoeni fimbo. Ondoeni vigelegele. Ikabaki miguu tu. Watu 14 wakitembea pamoja, karibu karibu, hatua zao ni moja, na msichana yuko katikati. Hakuna amguswaye wala amgusaye. Lakini kila wakizunguka uwanja, nafasi iliyomzunguka yapungua kwa hatua moja. Tulipoitazama mara ya kwanza mwalimu mwenzetu aliinuka akaenda kunywa maji.

Tena tulimpa mama wa mchezoni tendo moja tu, la kumfunga binti yake kanga na kuinyoosha begani kwa kiganja, yaani lile la kuteleza. Alilifanya mwanzoni, wakienda sokoni. Alilifanya katika maandamano, lilelile, kwa upole uleule. Na mwisho alilifanya peke yake, kanga mkononi, hapana bega. Hatukumpa neno lolote la kusema hapo. Yeye mwenyewe alitaka maneno, tukabishana, akashindwa. Lakini hata leo asema tulimwonea.

Shida ya pili ilikuwa ni kukimbia. Msichana wa mchezoni alikimbia kama akimbiavyo katika michezo ya shule, kifua mbele, ngumi zimekunjwa. Tulimwambia apunguze, tukamwambia aongeze hofu, tukamwambia atazame nyuma. Kila tuliposema alizidi kuharibika. Hata mwenzake mmoja, binti mnyamavu aliyejiunga nasi mwaka ule, akasema kutoka pembeni, "Mtu wa usiku hakimbii. Akikimbia mbwa watamsikia. Hutembea, na viatu ameshika mkononi."

Sote tukageuka. Nasi, kwa furaha ya mwalimu aliyepata alichokitafuta, tukasema, "Vema! Njoo utuonyeshe."

Hilo ndilo kosa. Alikuja. Alivua ndala zake, akazishika kwa mkono wa kushoto, akaenda hatua moja, ya pili, ya tatu. Kila hatua aliweka kwanza ubavu wa mguu, kisha kisigino kikashuka polepole. Hatujapata kuona mwendo wa kweli kama ule. Kisha akakaa chini, palepale vumbini, akaziweka ndala mbele yake, wala hakuinuka. Hakulia. Wasichana wawili wakaenda wakakaa naye, kila mmoja upande wake, na sisi tulisimama na daftari letu.

Tulikuwa tumewafundisha kwa miezi mingi kuleta kitu kutoka nyumbani. Hatukufikiri ya kuwa vitu vingine mtu huvileta bila ya kutaka, na ya kuwa mwili huvitunza mahali ambapo mwenyewe amefunga mlango. Mwalimu wa insha akimwagiza mtoto aandike habari ya huzuni, mtoto aweza kudanganya, akaandika ya kifo cha mbuzi. Lakini mwili hauna mbuzi wa kudanganyia. Tungalijua kuuliza kwanza, au kunyamaza tu, tungalipata mafundisho yaleyale kutoka katika maneno yake machache, bila ya kumpeleka tena katika njia ile. Siku ya pili tulikwenda kwake, tukamwomba radhi mbele ya mlezi wake. Akasema, "Haidhuru, Mwalimu." Sote tulijua ya kuwa yadhuru.

Tangu hapo tuna kanuni, nayo tumeiandika ukutani mwa chumba cha vitu: hakuna aonyeshaye lililompata yeye, ila akipenda mwenyewe, na akipenda aulizwe tena kesho yake. Tendo lake likihitajika, hupewa mwingine alijenge kwa kutazama na kwa kazi, kama lile dumu la maji. Wenye kudhani ya kuwa maumivu ya kweli hufanya mwigizaji bora na waje watazame. Msichana wa mchezoni, ambaye hajapata kukimbia kwao, aliujenga mwendo ule kwa majuma matatu: uzito mdogo, wakati mrefu, njia iliyonyoka, na mwili wote wajizuia. Alijifunza kusimama mbwa akibweka. Alijifunza kuhamisha ndala kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila ya kuzigonganisha.

Na yule binti mnyamavu hakuondoka. Tulimwambia yu huru kwenda, akakataa. Akaomba akae pembeni, awe ndiye mwenye kusema "basi" wakati mwendo ule ulipokwisha. Hapo tulipata neno ambalo sisi tusingalilipata kamwe. Tulikuwa tumepanga msichana afike, abishe mlango, apokewe, na watu wapige makofi. Yeye alisema "basi" kabla ya mlango. Tukamwuliza, "Hapo?" Akasema, "Hapo. Bado hajui kama watafungua." Tukauacha mchezo uishie pale, mkono umeinuliwa, haujagonga bado.

Tuliucheza uwanjani, saa kumi jioni, ng'ombe wakirudi. Mzee wa kanisa alikuwako, na mzee wa ukoo alikuwako, mbalimbali kabisa. Watu hawakupiga makofi, na kwa kitambo tulidhani tumeharibu. Kisha wakaanza kusemezana, kwanza wanawake. Mabishano yale yaliendelea hata giza likaingia, na mengine hayakuwa mazuri; mtu mmoja alimvuta binti yake mkono wakaenda, nasi hatujui walizungumza nini njiani. Mzee wa ukoo alitupitia akiondoka. Akauliza mbona tuliiacha ngoma. Tukasema, "Mzee, ulitukataza." Akasema, "Niliisikia," akaenda zake.

Mwaka huu tuna vijana 22, nao ni wengi kuliko kivuli cha mwembe. Yule mzee wa koti la mvua amewaleta wajukuu wawili wengine. Mmoja ni mchungaji hasa, husimama kwa mguu mmoja na fimbo begani pasipo kufundishwa na mtu, naye anaona haya tukimtazama. Tumemwambia Jumamosi ijayo asituletee hilo la kusimama, ila atuletee namna ng'ombe wake wa mbele anavyogeuza kichwa asikiapo jina lake.